Makala mamia kwa jina moja, utazisomaje? Jibu kwa mwanafunzi aliyeuliza kuhusu Maitland na maji ya dripu

SWALI: Shikamoo dokta. Niko mwaka wa pili chuo cha utabibu. Darasani tumefundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi na anayehema kwa shida, kama hajaharisha, tusimkimbizie maji ya dripu, na mwalimu akasema hiyo ni kazi ya Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Tukapewa asaimenti tuchambue machapisho yake. Nimefungua PubMed, ile maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba, nimekuta makala mamia, nimechanganyikiwa. Kibaya zaidi kuna ya 2005 inasema albumini (dripu yenye protini ya damu) inaokoa watoto, halafu ya 2011 inasema maji hayohayo yanaongeza vifo. Mtu anayejipinga hivi tunamwaminije? Na orodha ndefu namna hii inasomwaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza, na nimefurahi zaidi kwamba hiyo ya 2005 umeiona, maana wengi wakipewa kazi kama yako wanahesabu makala, wananakili zile namba za kunukuliwa, wanaandika "ni mtafiti mashuhuri duniani" basi, kazi imeisha. Wewe umegusa penyewe. Hizo makala mbili unazosema zinapingana, kwangu mimi ndo sababu kubwa ya kumwamini huyu mama, na ukizisoma kwa kufuata miaka utaona kwa nini.

Tuanze na lilikotoka swali lenyewe la maji. Maitland ni daktari wa watoto, profesa wa Imperial College London, lakini tangu mwaka 2000 makazi yake ya kazi ni Kilifi, pale kwenye mpango wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, mfuko wa utafiti wa Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa Vanuatu, visiwa vya Pasifiki, anasoma malaria kwa watoto, ndo maana ukishuka chini kabisa kwenye orodha unakuta makala ya 1996 kwenye jarida la Nature akiwa na Tom Williams, kuhusu watoto wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na malaria. Hiyo usiikalie sana kwa asaimenti yako, ila uijue, maana inakuonyesha mtu alianzia wapi.

Kilifi ndo kwenye uzito. Kuna makala moja ya 2005 kwenye New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza James Berkley, Maitland yumo katikati ya majina, walikuwa wanaotesha damu ya watoto wanaolazwa hospitali ya Kilifi waone nani ana bakteria kwenye damu. Wakakuta karibu asilimia 26 ya watoto wote waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Ifikirie hiyo namba. Miaka yote hiyo mtoto akiwa na homa kali tunasema malaria, kumbe kwenye kila vifo vinne kimoja kina bakteria ndani yake, na wengi walikuwa wanakufa haraka sana, kabla hata dawa haijapata muda wa kufanya kazi. Sasa daktari anayekaa wodini anaona hiyo anajiuliza, mtoto akifika jioni na asubuhi hayupo, antibayotiki ina siku nzima kweli ya kumsaidia? Lazima kuna kitu cha kufanya kwenye zile saa za mwanzo. Na kitu ambacho Ulaya na Marekani walikuwa wanafanya kwenye saa za mwanzo ni maji. Mtoto mwenye shoki, yaani damu haifiki vizuri kwenye viungo, inayotokana na maambukizi kule alikuwa anapewa maji kwa kasi, miongozo yao ya wakati huo ilifika mpaka mililita 60 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya kwanza na hata kupita hapo.

Kwa hiyo Maitland na wenzake wakaanza kujaribu maji kidogokidogo, na hapo ndo inaingia hiyo makala yako ya 2005 iliyotoka Clinical Infectious Diseases. Watoto wa malaria kali wenye asidi nyingi kwenye damu, wengine albumini wengine salaini, yaani maji ya chumvi. Waliopata albumini walikufa 2 kati ya 56, waliopata salaini walikufa 11 kati ya 61. Ukisoma haraka unasema albumini inaokoa, biashara imeisha. Ila soma taratibu. Kitu walichopanga kupima toka mwanzo hakikuwa vifo, kilikuwa kushuka kwa asidi kwenye damu, na hicho hakikutofautiana kati ya makundi. Vifo vya makundi hayo mawili kwa pamoja ni 13 tu. Na wenyewe kwenye kichwa cha habari waliandika kwamba ni ushahidi wa awali. Mwaka uliofuata Samuel Akech wa Kilifi akaongoza nyingine ndogo, albumini dhidi ya Gelofusine, maji mengine ya dripu yaliyotengenezwa kwa jelatini, ikaelekea hukohuko kwamba albumini inafanya vizuri.

Hapo simama kidogo uangalie mtu amesimama wapi. Ana makala mkononi zinazomuunga mkono, ana jina, ana wazo ambalo dunia nzima ya vitabu inalikubali, kwamba maji ya haraka ni mazuri. Angeweza kabisa kuendelea kuandika maoni na uchambuzi wa albumini miaka kumi mingine na orodha yake ingerefuka vizuri tu. Badala yake wakaomba hela Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wafanye jaribio kubwa, FEAST, na humo wakaweka kundi la tatu: watoto wasiopewa maji ya haraka kabisa. Hilo kundi la tatu ndo roho ya jambo zima, mdogo wangu. Bila hilo wangelinganisha albumini na salaini, wangekuta zimelingana, wangesema basi tumieni salaini ni rahisi, na watoto wangeendelea kufa tukidhani tunawasaidia.

FEAST ilifanyika hospitali sita: Kilifi kwa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa Uganda, na kwa Tanzania Hospitali Teule Muheza, kwa hiyo hii siyo stori ya mbali, ni watoto wa Tanga pia. Walichukua watoto wa kuanzia siku 60 mpaka miaka 12, wenye homa kali, wamepoteza fahamu au fahamu imeshuka au wanahema kwa shida, na juu ya hapo wana dalili kwamba damu haizunguki vizuri: ukibonyeza kucha rangi inachelewa kurudi sekunde tatu au zaidi, miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya mkononi au moyo unaokwenda mbio kupita kiasi. Waliacha nje wenye kuharisha na kutapika, wenye utapiamlo mkali, walioungua na wa upasuaji. Hilo la kuharisha naomba ulishike kwa mikono miwili, nitalirudia.

Chukua mtoto wa kilo kumi. Akipangwa kundi la albumini au la salaini anapata mililita 200 ndani ya saa moja, na baadaye protokoli ikaongezwa ikawa 400. Akipangwa kundi la tatu anapata maji ya kawaida tu ya kumtunza, kama mililita 25 mpaka 40 kwa saa. Mengine yote sawa, antibayotiki, dawa ya malaria, oksijeni, damu kwa anayehitaji, sukari ikishuka anapewa. Sasa nenda kakae kitandani ndani ya saa ya kwanza. Huyu aliyepewa maji ya haraka anaonekana kachangamka, miguu inapata joto, mapigo yanashikika, nesi anaona dripu imefanya kazi na mama mtu anaona. Na siyo macho yao tu, walipochambua data baadaye, kwenye saa moja dalili za shoki zilikuwa zimeisha kwa asilimia 43 ya waliopewa maji na asilimia 32 tu ya wasiopewa. Yaani ukiishia saa moja maji yameshinda. Halafu hesabu vifo kwenye saa 48: albumini asilimia 10.6, salaini asilimia 10.5, wasiopewa maji ya haraka asilimia 7.3. Kwenye kila watoto mia, watatu zaidi walikufa kwa sababu ya maji. Kamati huru ya kufuatilia data ikasimamisha jaribio Januari 2011 wakiwa wameshaandikisha watoto zaidi ya 3100 kati ya 3600 waliopangwa, na Juni mwaka huohuo makala ikawa imetoka New England Journal of Medicine. Miezi mitano tu. Kwa mambo ya majarida hiyo ni mbio, na hawakuhitaji kukimbia kama wangekuwa wanalinda jina.

Hapo ndo nakwambia hajajipinga. Aliuliza swali la albumini na salaini kwa watoto 117 akapata dalili, akauliza swali pana zaidi kwa watoto elfu tatu akapata jibu, na jibu lilipokuja limevunja wazo lake mwenyewe alilichapisha kwa jina lake la kwanza kwenye jarida linalosomwa sana duniani. Mtu wa kuogopa ni yule ambaye orodha yake yote miaka thelathini inasema kitu kilekile na hakuna hata mara moja data ilimkatalia.

Na hakuishia hapo, angalia zinazofuata. 2013, BMC Medicine, wanauliza maji yaliuaje. Wote tulidhani mapafu yamejaa maji au ubongo umevimba, ila walipopitia vifo kimoja kimoja wakakuta kilichozidi kwenye makundi ya maji ni kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu, siyo mapafu kujaa. 2019 kwenye Lancet Respiratory Medicine data zilezile zikachambuliwa upya na Michael Levin na wengine, wakaonyesha kwamba maji ya haraka yaliongeza kloraidi na asidi kwenye damu, yalishusha hemoglobini kwa kuizimua, na kupumua na fahamu vikazidi kuharibika. Ukiziweka hizi tatu pamoja, 2011, 2013 na 2019, unapata ukurasa mzuri kabisa wa asaimenti yako.

Sasa angalia wengine walisemaje, maana mtafiti hapimwi kwa anachosema yeye mwenyewe tu. Walikuwepo madokta wa Ulaya waliosema hayo ni ya Afrika, hospitali hazina ICU, ile wodi ya wagonjwa mahututi, wala mashine za kupumulia, kwetu hayatuhusu. Ni hoja ya haki, ila haisaidii wodi ya Korogwe au Soroti ambako hiyo ICU haipo, na watoto wengi wanafia wodi kama hizo. Halafu wengine walisema hao watoto hawakuwa na shoki ya kweli kwa kipimo cha WHO, ambacho kinataka dalili zote tatu kwa pamoja: mikono ya baridi, rangi ya kucha kuchelewa kurudi, na mapigo dhaifu ya haraka. Waliangalia, waliotimiza hizo tatu walikuwa 65 tu, na hata humo waliopewa maji walikufa 24 kati ya 50, wasiopewa 3 kati ya 15. Ni wachache, usijenge nyumba juu yao, ila hawaonyeshi kabisa kwamba maji yaliwafaa. WHO wenyewe walichukua muda, ilikuwa 2016 ndo wakatoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto, kwamba mwenye dalili za mzunguko mbaya lakini hajatimiza shoki asipewe maji ya haraka, na aliyetimiza apewe mililita 10 mpaka 20 kwa kilo taratibu kwa dakika 30 mpaka 60 huku anaangaliwa. Miaka mitano. Mimi naona ni mingi mno kwa kitu ambacho kusimamisha hakugharimu hata shilingi.

Na ushahidi kutoka kwa watu wasiomhusu upo. Ben Andrews na wenzake Lusaka, Zambia, kwenye jarida la JAMA 2017, watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yaliyoathiri mwili mzima) na presha imeshuka, wengi wao wana virusi vya UKIMWI, waliowekewa maji mengi kwa mpango maalumu walikufa asilimia 48 na waliotibiwa kwa kawaida asilimia 33. Nchi nyingine, umri mwingine, timu nyingine, mwelekeo uleule. Ukikuta hivyo moyo unatulia.

Kuhusu wingi wa makala, nikupe mfano wa jirani kabisa, ni maji hayahaya ya dripu. Alikuwepo Joachim Boldt, daktari wa usingizi wa Ujerumani, makala mamia na yeye, nyingi zinatetea maji yaliyotengenezwa kwa wanga, zikanukuliwa zikaingia kwenye miongozo. Mwaka 2010 moja ikaondolewa, 2011 zikafuata zaidi ya 80 kwa sababu hazikuwa na kibali cha kamati ya maadili. 2013 kwenye JAMA watu wakakusanya majaribio yote ya hayo maji kwa wagonjwa mahututi, wakaondoa majaribio saba ya huyo bwana, na zilizobaki zikaonyesha kwamba hayo maji yanaongeza vifo na kuua figo. 2022 Ulaya ikaamua kusimamisha leseni zake. Kwa hiyo urefu wa orodha peke yake haukwambii chochote. Hata kwa Maitland usiniambie "makala mamia", niambie zipi, na zilibadilisha nini kitandani kwa mgonjwa.

Tukija kwenye kusoma orodha yenyewe. Kwanza jina. PubMed ukiandika jina la ukoo na herufi moja inakuletea watu watatu wanne tofauti, wengine wa mifupa wengine wa meno, kwa hiyo ongeza Kilifi au Imperial au tumia ile namba ya utambulisho ya mtafiti, ORCID. Pili chuja aina ya makala. Humo ndani kuna barua kwa mhariri, majibu ya barua, maoni, muhtasari, na zote zinahesabiwa moja moja. Chagua majaribio ya kitabibu yaliyopanga wagonjwa kwa bahati nasibu, orodha inapungua mara moja na inakuwa ya kubebeka. Na kila makala utakayoitumia angalia juu yake kama kuna tangazo kwamba imeondolewa au imesahihishwa, PubMed wanaliweka wazi.

Halafu nafasi ya jina. Kwenye tiba, wa kwanza kwa kawaida ndo aliyebeba kazi, wa mwisho ni mkubwa aliyesimamia, wa katikati wamechangia mambo mbalimbali. Mfano mzuri ni jaribio la AQUAMAT, Lancet 2010, ile iliyotuondoa kwenye kwinini ya sindano kwa watoto. Watoto 5425 kwenye nchi tisa za Afrika, waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5, wa kwinini asilimia 10.9, mwaka uliofuata WHO wakabadilisha mwongozo. Maitland yumo, lakini katikati, kama kiongozi wa kituo cha Kilifi. Wa kwanza ni Arjen Dondorp na wa mwisho ni Nicholas White. Ukiandika "Maitland aligundua artesunate inashinda kwinini" mwalimu akikukata maksi atakuwa na haki.

Na kwa FEAST usisome jina la kwanza ukafunga. Baada yake kuna Sarah Kiguli wa Makerere, Robert Opoka, Charles Engoru wa Soroti, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Samuel Akech wa Kilifi, George Mtove wa Muheza. Hao ndo waliokuwa wodini usiku, wengi wao wakawa na machapisho yao makubwa baadaye. Nenda kafungue orodha zao na wao, tafadhali. Nakuomba kabisa, maana tunazoea kutaja jina moja la mgeni na kazi ya wenyeji inapotea hapo hapo kwenye macho yetu.

Za baada ya hapo nitakutajia kwa haraka. Jaribio la TRACT, Uganda na Malawi, watoto 3196 wenye upungufu mkali wa damu, makala mbili New England Journal of Medicine 2019. Moja inasema mtoto mwenye hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita ambaye hana dalili za hatari, kumuongezea damu papo hapo au kumsubiri na kumfuatilia hakukutofautisha vifo. Nyingine inasema kiasi cha damu kinategemea homa: asiye na homa mililita 30 kwa kilo zilimfaa zaidi, mwenye homa 20 zilikuwa bora. Jaribio hilohilo likatoa na ya tatu, Lancet Global Health, kwamba kotrimoksazoli, antibayotiki ya kwenda nayo nyumbani, haikusaidia. Na ya oksijeni, COAST, ilisimama kabla ya idadi kutimia na haikutoa jibu la uhakika, imechapishwa hivyohivyo. Matokeo ya "hakuna tofauti" kuchapishwa bila kufichwa, hilo nalo liandike kama sifa.

Lile la kuharisha sasa. Hakuna hata sentensi moja kwenye FEAST inayosema mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha au kipindupindu anyimwe maji. Hao waliachwa nje kwa makusudi, wanatibiwa kwa mpango wao wa kuongezewa maji na usipowapa wanakufa mbele yako. Ukiwa zamu mtoto akaletwa mikono ya baridi, swali la kwanza kwa mama ni ameharisha, ametapika, tangu lini, mara ngapi, halafu ngozi ya tumbo unaivuta uone inarudi vipi, macho yameingia ndani au la. Pia angalia utando wa macho na viganja kama ni vyeupe, maana mwenye malaria kali na damu imeisha anachohitaji ni damu, salaini itaizimua hiyo kidogo iliyobaki.

Kupata makala zenyewe, ya BMC Medicine iko wazi kwa mtu yeyote. Zile za New England Journal na Lancet muulize mkutubi wa chuo chenu kama mmesajiliwa Hinari, ule mpango wa WHO wa kufungulia majarida vyuo vya nchi kama zetu, vyuo vingi vya afya vimo na wanafunzi hawajui. Ukiipata ya 2011 ruka muhtasari, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la sifa za watoto walipolazwa, usome mstari kwa mstari kundi la tatu lilikuwaje kabla ya matibabu, ndipo uende kwenye vifo. Ukikwama kwenye ile mistari ya takwimu niandikie tena, niambie jedwali namba ngapi.